Dawa ya Donda Ndugu Ilivyopotelea Mahakamani

Juzi binti wa jirani yangu hapa Turwa alikuja kuniaga. Amepata nafasi ya kusomea ufamasia. Alinipa shikamoo, akakaa, akapokea kikombe cha uji, halafu akauliza swali ambalo nadhani alitoka nalo kwao: "Bibi, nikigundua dawa, itakuwa yangu?"

Nilicheka tu. Nikamwambia asome kwanza. Lakini alipoondoka nilibaki nimekaa pale pale mpaka uji wangu ukapoa, nikaona nimemtendea vibaya. Mtoto ameuliza jambo la maana, nami nimemjibu kama watu wazima tunavyowajibu watoto tusipotaka kuumia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wote mnaoelekea huko kwenye makoti meupe, wa Tarime, wa Serengeti na wa kwingineko. Siandiki ili kuwatia moyo. Wa kuwatia moyo mtawakuta wengi siku ya kuwakaribisha chuoni, na watapewa maikrofoni.

Mimi ni Ghati. Nilikuwa fundi wa maabara na mkusanyaji wa mimea katika chuo kikuu ambacho sitakitaja, kwa sababu bado kina watu ninaowapenda. Kazi yangu ilikuwa kwenda vijijini na porini, kuchukua majani, mizizi na magome wanayotumia waganga wetu, kuyakausha, kuyasaga, kuyaloweka kwenye spiriti, na kumkabidhi Profesa kile kilichochujika. Yeye na wanafunzi wake ndio waliotafuta ndani ya ule mchuzi kiini kinachoponya.

Kazi ile inafundishwa na makosa. Safari yangu ya kwanza niliandika majina ya mimea kwa peni nzuri ya bluu, mwandiko wa kupendeza kabisa. Tuliporudi, vikaratasi vyote vilikuwa vimelowa spiriti na vimekuwa kama anga. Mzee Odhiambo, fundi aliyenipokea kazini, alivitazama, akanitazama, akasema, "Ghati, umetuletea mboga." Kesho yake nilikuta penseli mezani kwangu. Wino unayeyuka kwenye spiriti, penseli haiyeyuki. Mpaka leo jina langu naliandika kwa penseli nikiwa na wasiwasi.

Mara nyingine, Mugumu, nilianika magome nyuma ya nyumba ya wageni nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mbuzi wa mwenye nyumba walikuwa wanamalizia. Nililia. Profesa alipopata habari aliniuliza kwenye simu kwa sauti ya matumaini, "Wameharisha?" Hawakuharisha. Walinenepa. Tangu siku ile nilijua kuanika kivulini, juu, na kukaa hapo hapo.

Katika safari hizo ndipo nilipofika kijiji cha Busawe, kwa bibi mmoja aitwaye Bhoke.

Nilielekezwa kwake na watu wa njiani. Kila niliyemuuliza nani anatibu vidonda alinyoosha kidole upande ule ule. Nilimkuta anachambua maharage. Yeye ni Mngoreme, mimi ni Mkurya, lugha zetu zinasikilizana, kwa hiyo tulianza kutaniana kabla hata sijakaa. Uani kwake alikuwepo mwanamke mwenye donda ndugu mguuni, lile donda lisilofunga, linalokaa na mtu mpaka watu wa nyumbani wanaanza kumkwepa kwa sababu ya harufu. Bhoke alitwanga gome, akaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu, akachuja kwa kitambaa, akamwosha. Alimwosha taratibu huku akimsimulia habari za harusi ya jirani ili asitazame mguu wake.

Niliporudi safari iliyofuata, mwanamke yule alinipokea ndoo ya maji kisimani. Mguu ulikuwa na kovu, basi.

Bhoke alinipeleka mwenyewe kwenye mti. Sitawaambia ni mti gani. Mkisoma mbele mtaelewa sababu. Alikata gome upande mmoja, kipande chembamba kama mkanda, kisha akapaka tope pale alipokata. "Ukizungusha kisu mti mzima umeuchinja," aliniambia. "Chakula chake kinapita hapa kwenye ngozi." Mzee Odhiambo alikuwa amenifundisha hivyo hivyo, kwa maneno ya kitabuni. Kumbukeni hilo mtakapotumwa kuchukua magome. Upande mmoja, chembamba, na usirudi kwenye mti ule ule mwaka huo.

Nilimweleza kwamba tunataka kuipima dawa yake ili siku moja itengenezwe kiwandani, ifike na hospitalini. Alifikiri. Hakuomba chochote isipokuwa jambo moja. "Dawa hii nilifundishwa na mama yangu. Aliitwa Wankuru. Mkiitengeneza, andikeni Wankuru."

Nilimwahidi nitalifikisha ombi lake, na nililifikisha.

Vijana, mtu akiwaambia kwamba maabara haina furaha, mkatalieni. Siku panya wa Profesa walipofunga vidonda, wale waliooshwa kwa mchuzi wa Busawe, na wale walioachwa bila dawa wakabaki na madonda yao, tulicheza pale ndani. Profesa, mtu mzima mwenye kitambi, alinishika mikono tukazunguka meza. Miezi ikapita wakakitenga kiini chenyewe, unga mweupe mchache sana, wa kujaza ncha ya ukucha. Kwa kuwa mashine za kuusoma vizuri hatukuwa nazo, Profesa alipeleka sehemu ya unga ule kwa kampuni ya dawa ya ng'ambo, kwa makubaliano ya kushirikiana. Hakufanya ujinga. Kila chuo kilifanya hivyo. Ungefanyaje?

Wakati huo huo chuo kikaomba hataza, ambayo wengi mnaiita patenti, ya kutibu vidonda kwa maji ya gome lile, maana kiini chenyewe tulikuwa bado hatujakisoma. Nawaeleza kwa lugha nyepesi kama nilivyoelezwa mimi. Hataza ni haki ya kumzuia mwingine asitengeneze au kuuza ulichovumbua, kwa kipindi fulani. Sharti lake kubwa ni kwamba kitu kiwe kipya. Kikiwa kilishajulikana hadharani kabla hujaomba, huna chako.

Hataza ilipotoka palikuwa na keki na hotuba. Nilisogea kuitazama ilipokuwa imewekwa kwenye fremu. Wavumbuzi waliotajwa walikuwa Profesa na wasomi wenzake. Nikamwuliza kuhusu Wankuru. Aliona haya kweli, nakumbuka alivyovua miwani. "Ghati, sheria inataka mvumbuzi, na mvumbuzi ni aliyefanya kazi ya maabara. Tutamtaja kwenye makala." Alimtaja kwa kusema "mganga mmoja wa Mkoa wa Mara."

Baadaye tukasikia kampuni nayo imepata hataza yake huko kwao. Walikuwa wamechukua kiini chetu wakakibadilisha kidogo, wakakiongezea kipande upande mmoja, wakasema hiki sasa ni kitu kipya, tumekitengeneza sisi. Wakaanza kuomba kisajiliwe na hapa kwetu. Chuo kikaenda mahakamani. Kampuni ikajibu kwa kuishambulia hataza ya chuo: kwamba kuosha vidonda kwa maji ya gome lile si uvumbuzi wa mtu yeyote.

Kesi ile ilikula miaka. Unga uliobaki ulifungiwa kwenye friji kwa sababu mawakili walisema usiguswe. Utafiti ukasimama. Vijana waliokuwa wakiufanyia kazi wakaenda kufundisha sekondari, mmoja akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Mzee Odhiambo alistaafu akafariki bila kujua mwisho wa kesi. Profesa alizidi kukonda. Ukimkuta ofisini alikuwa anasoma sheria badala ya kemia.

Mwishowe wakili wa chuo aliamua kumwita Bhoke awe shahidi, ili aeleze kwamba gome lilitoka kwake likaja kwetu, na kampuni ikalipata kwetu. Kwa umri wake hangeweza kusafirishwa mpaka Dar es Salaam, kwa hiyo ilipangwa atoe ushahidi kwa video akiwa Tarime, kwenye chumba cha mahakama chenye runinga. Mimi niliapishwa kuwa mkalimani wa Kingoreme chake.

Kabla ya siku yenyewe wakili alinipigia simu. "Mama Ghati, mwambie bibi aseme dawa ni siri ya ukoo wao. Walikuwa hawamfundishi mtu wa nje."

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Mwambie tu. Itatusaidia."

Nilimfikishia Bhoke kama nilivyoambiwa. Aliacha kufunga khanga yake, akanikazia macho. "Niseme mama yangu alikuwa mchoyo?"

"Ndivyo wakili anavyotaka."

"Mbele ya serikali? Niseme Wankuru alimficha mgonjwa dawa?" Akafunga khanga. "Mwambie atafute mtu mwingine wa kumtukana mama yake."

Siku ya ushahidi alivaa gauni la kanisani. Runinga ikawaka, tukawaona jaji, mawakili, na Profesa nyuma yao, mdogo kama picha ya kitambulisho. Wakili wetu alimwuliza maswali yake, akajibu vizuri. "Ghati alikuja. Nilimpa gome. Nilimwonyesha mti." Wakili wetu akakaa mkao wa mtu anayefaulu mtihani.

Kisha akainuka wakili wa kampuni. Alikuwa kijana wa Kitanzania, ametulia, ana sauti ya upole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na safari. Bibi, dawa hii ulijifunza kwa nani?"

"Kwa mama yangu, Wankuru." Alilisema jina lile polepole, akanigeukia kuhakikisha nimelirudia sawasawa. Nililirudia.

"Mama aliwafundisha na wengine?"

Bhoke akacheka. "Nani hakufundishwa? Mama alitibu uani, mlango wazi. Aliyetaka kujua alikaa akatazama."

"Kwa hiyo haikuwa siri."

"Siri ya nini, mwanangu? Mtu anaoza mguu, wewe umfiche dawa?"

"Na mlikuwa mnaitengenezaje?"

Akaeleza. Kutwanga, maji ya uvuguvugu, kuchuja, kuosha. Alieleza kwa mikono, kwa raha, kama anamfundisha yule kijana. Mimi nilikuwa nimeisoma hataza yetu mara nyingi, na kadiri nilivyokuwa natafsiri niliyatambua maneno yake. Yalikuwa yale yale yaliyoandikwa mle, hatua kwa hatua. Kwenye runinga nilimwona Profesa akiweka kiganja kwenye paji la uso. Nikaendelea kutafsiri. Nilikuwa nimeapa.

"Asante sana, bibi," alisema yule kijana, na nadhani alimaanisha. "Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

Tulitoka nje. Bhoke alikuwa na furaha siku ile kuliko nilivyowahi kumwona. "Umemwona yule kijana? Ana adabu. Amenisikiliza kuliko huyu wetu." Alitaka chai na chapati. Nilimpeleka kwenye mgahawa karibu na stendi, nikamwacha ale kwanza.

Halafu nikamweleza. Nilijaribu kutafuta maneno mepesi. Nilimwambia hataza ya chuo ilisimama juu ya dai kwamba kuosha vidonda kwa maji ya gome ni jambo jipya, na yeye ameeleza kwamba Busawe nzima ilikuwa inalijua.

"Kwa hiyo nimewaharibia?"

"Umesema kweli, mama."

"Najua nimesema kweli. Nakuuliza imefanya nini."

"Itafanya dawa isiwe ya chuo. Itakuwa ya watu wote."

Alitafuna chapati iliyobaki mpaka ikaisha. "Basi si vibaya," akasema. "Hata mama haikuwa yake."

Nilitaka sana kuamini kwamba mambo yameishia pale. Lakini yule wakili wa chuo alinieleza baadaye nusu nyingine, ambayo hata yeye aliisema akitazama sakafu. Hukumu ilipotoka, hataza ya chuo ilifutwa. Ya kampuni ikabaki, maana kile kiini walichokibadilisha hakuna Bhoke wala Wankuru aliyewahi kukitwanga. Kilikuwa kipya kweli. Kwa sheria, kila mtu alipata haki yake. Mimi niliisoma hukumu yote, nikitafuta mahali jaji alipokosea ili nimkasirikie. Sikupaona.

Mnadhani basi kampuni ikatengeneza dawa? Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilijisemea, acha waitengeneze wao, ilimradi miguu ya watu ipone. Haukupita muda mrefu wakatangaza kwamba wameachana nayo. Wakubwa wao walikuwa wamepiga hesabu wakaona wagonjwa wa madonda ya namna ile wengi ni maskini. Wamekiweka kiini kabatini pamoja na hataza yake, na wewe ukikitengeneza watakushitaki. Nasi chuoni tuliporudi kuomba ufadhili wa kuendelea na lile gome la kawaida, lililo huru, tulijibiwa kwamba hakuna mwekezaji atakayelipia majaribio ya dawa ambayo kesho yake kila mtu anaweza kuiiga. Kwa kuwa na mwenyewe, haitengenezwi. Kwa kukosa mwenyewe, haitengenezwi. Profesa alinisomea majibu yale, akayakunja, akaniambia niende nyumbani mapema. Aliomba kustaafu mwaka ule.

Huo ndio ugunduzi wangu wa maisha, vijana. Nimeueleza kama ulivyokuwa.

Lakini haukuishia kwenye makaratasi. Kesi ile iliandikwa magazetini, na magazeti yalitaja mti kwa jina. Baada ya hapo Busawe ilianza kupokea wageni wenye mapanga na magunia. Sikujua ukubwa wake mpaka siku moja nilipokwenda Sirari kumsindikiza shemeji yangu anayevuka mpaka kwenda Isebania, Kenya. Karibu na malori nilimkuta kijana anauza unga wa kahawia kwenye vichupa.

"Mathe, chukua hii," aliniambia. "Inatibu sukari, presha, nguvu za kiume, yaani kila kitu. Ndiyo ile ya kesi, si uliskia?"

Nilifungua nikanusa. Ni kweli lilikuwa gome letu, limechanganywa na kitu kama majani ya chai.

"Na vidonda?" nilimwuliza.

"Vidonda?" Alifikiri. "Eeh, hata hivyo. Lakini watu huwa wananunua hasa kwa hizo zingine."

Wiki iliyofuata nilikwenda Busawe. Bhoke alinipeleka kwenye miti, safari hii kwa kutembelea fimbo. Ilikuwa imechunwa pande zote, kuanzia chini mpaka mkono wa mtu mrefu unapofika. Mingine ilikuwa imeshakauka, mingine bado ina majani machache juu ambayo hayajapata habari. Alipitisha kiganja kwenye shina moja, pale palipokuwa peupe.

Tuliporudi uani tulimkuta mgonjwa anasubiri. Alikuwa baba wa makamo aliyeletwa na bodaboda, mguu umefungwa kitambaa, amekaa mbali kidogo na mlango kama wanavyokaa watu wenye donda ndugu, wakijua harufu yao. Akamwamkia Bhoke. Akasema hospitali wameusafisha mguu mara nyingi haufungi, sasa wanazungumzia kuukata, na amesikia kuna dawa hapa.

"Ilikuwepo," Bhoke alimwambia. "Haipo tena."

"Hata kidogo, mama?"

"Hata kidogo. Rudi hospitali, mwanangu. Usichelewe."

Yule baba hakubishana. Alichukua gongo lake la kutembelea, akajiinua kwa shida. Kijana wa bodaboda akawasha pikipiki. Tuliwatazama wakipanda kuelekea barabara kubwa, mguu wa yule baba umenyooshwa pembeni, mpaka vumbi likatua.

Bhoke alivuta sufuria la maharage akaanza kuchambua. Alichambua kwa muda, kisha akaniuliza bila kuinua macho, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaka tu kuelewa:

"Ghati, uliniambia ni ya watu wote. Mbona sisi hatuna?"